Hirola na Nyasi: Kwa Nini Uhifadhi wa Garissa Uanzie Malishoni

Mnamo Februari 2022 serikali ya Australia ilimtangaza koala kuwa mnyama aliye hatarini kutoweka katika majimbo ya Queensland na New South Wales na katika eneo la mji mkuu, Canberra. Sababu zilikuwa zimefahamika kwa miaka mingi: mikaratusi iliyofyekwa kupisha mashamba na nyumba, mioto mikubwa ya 2019 na 2020, ukame, na maradhi yanayowafanya majike kuwa tasa. Kisa cha koala hueleweka upesi popote kinaposimuliwa, kwa sababu kinalingana na fikra iliyoota mizizi ndani yetu kuhusu uhifadhi, kwamba mti ukikatwa mnyama hufa na mti ukipandwa mnyama hupona. Kaunti ya Garissa ina mnyama ambaye hali yake ni mbaya kuliko ya koala, na kisa chake kinaipindua fikra hiyo juu chini. Hirola anatoweka katika nchi ambayo miti imeongezeka. Kinachomponyoka ni nyasi, na nyasi za Garissa hazipo mikononi mwa askari wa wanyamapori wala mwa watafiti wa kigeni. Zimo mikononi mwa wafugaji. Kwa hiyo ninashikilia hapa kwamba kumwokoa hirola ni kazi ya kuyarejesha malisho, na kwamba uzio, uhamishaji na doria, japo vina nafasi yake, ni huduma ya kwanza tu kwa mgonjwa ambaye tiba yake iko kwingine.

Umuhimu wa mnyama mwenyewe lazima uelezwe kwanza, maana si kila swala anayepungua anastahili kelele. Hirola alielezwa kisayansi mwaka 1889 na mtaalamu Mwingereza, Philip Lutley Sclater, baada ya mwindaji H.C.V. Hunter kumkuta karibu na Mto Tana mwaka uliotangulia, na jina lake la kisayansi, Beatragus hunteri, linabeba kumbukumbu hiyo. Ukimtazama kwa mbali utamdhania kongoni. Ukimkaribia unaona mstari mweupe unaokatiza paji la uso kutoka jicho hadi jicho, na tezi kubwa chini ya macho zilizowafanya watu kumwita swala wa macho manne. Undugu wake na kongoni na nyamera ni wa mbali, kwani tawi lake lilijitenga zamani sana na ndugu wengine wote wa tawi hilo wamekwisha kutoweka. Yeye ndiye aliyebaki peke yake katika jenasi nzima. Akienda yeye, litakuwa tukio la kwanza katika historia ya kisasa la bara la Afrika kupoteza jenasi ya mamalia. Australia inalijua jambo hilo kwa uchungu: mnyama wa mwisho anayejulikana wa aina ya thilasini, yule mla nyama mwenye milia wa Tasmania, alikufa kifungoni mjini Hobart mwaka 1936, na ukoo wake wote ukafa pamoja naye. Hirola hana akiba yoyote, hata kifungoni. Hakuna bustani ya wanyama duniani inayomfuga leo.

Katika miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000, wakitawanyika kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia na kuvuka hadi upande wa pili. Kisha, kati ya 1983 na 1985, ukame mkali uliambatana na ugonjwa wa sotoka, na zaidi ya asilimia 80 ya hirola wakaangamia kwa muda mfupi mno. Tangu 1996 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika daraja la walio hatarini zaidi. Sensa ya kwanza ya taifa ya wanyamapori, iliyofanywa Kenya mwaka 2021, ilihesabu hirola 497. Idadi hiyo inaibua fumbo, na fumbo lenyewe ndilo msingi wa hoja hii. Sotoka imekwisha. Kisa cha mwisho kuthibitishwa kilikuwa cha mwaka 2001, katika nyati wa Hifadhi ya Meru hapa Kenya, na mwaka 2011 ugonjwa huo ukatangazwa kuwa umetokomezwa duniani kote. Ukame ule wa miaka ya themanini nao ulipita. Nyumbu wa Serengeti, waliobanwa na ugonjwa huohuo, waliongezeka kwa kasi ya ajabu mara tu ulipodhibitiwa katika miaka ya sitini. Hirola walibaki palepale kwa miaka 40. Kilichowaua kinajulikana. Kinachowazuia kuinuka ni kitu kingine, na anayevichanganya viwili hivi atakuwa anaendelea kupigana vita vilivyokwisha.

Jibu la kuaminika zaidi lilitolewa mwaka 2017 katika jarida la Journal of Applied Ecology, na utafiti ulioongozwa na Abdullahi Ali, mwanaikolojia mzaliwa wa Garissa na mwanzilishi wa Mpango wa Uhifadhi wa Hirola. Watafiti waliwavisha hirola kola za kufuatilia nyendo zao, kisha wakalinganisha nyendo hizo na picha za setilaiti zinazoonyesha ardhi ilivyobadilika. Waliyoyakuta yanapaswa kusomwa polepole. Kati ya 1985 na 2012, miti katika eneo la asili la hirola iliongezeka kwa asilimia 251, yaani ikawa mara tatu na nusu ya ilivyokuwa. Hirola, wakipewa nafasi ya kuchagua, walikimbilia nyasi wazi na kuiepa miti. Tena miti inayosemwa hapa si mathenge, mgeni anayelaumiwa kwa haki kando ya mto. Kwa sehemu kubwa ni migunga ya kienyeji, miti iliyokuwapo siku zote lakini ikawekewa mipaka na nguvu tatu: moto uliounguza miche, ndovu walioangusha miti mikubwa, na nyasi nene zilizoinyima miche maji na mwanga. Nguvu hizo zilipolegea, kichaka kikasonga mbele. Chini ya kivuli chake nyasi hufa, na pasipo nyasi hakuna moto wa kutosha kuurudisha nyuma. Mzunguko ukishafika hapo hujiendesha wenyewe. Hauhitaji tena ng'ombe wengi wala ukame ili udumu, na ndiyo maana kusubiri hakujasaidia kitu.

Habari ya ndovu yafaa kukaliwa kidogo, kwa sababu inaonyesha jinsi jeraha moja linavyoweza kuonekana mahali pengine kabisa. Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000 mwaka 1973. Kufikia 1989 walibaki 16,000 hivi, na maeneo ya mashariki na kaskazini mashariki yalikuwa miongoni mwa yaliyochinjwa vibaya na majangili wa pembe. Methali yetu yasema ndovu wakipigana ziumiazo ni nyasi. Eneo la Ijara, katika Kaunti ya Garissa, limeshuhudia kinyume chake: ndovu waliondoka, na nyasi zikaumia kwa kutokuwapo kwao, maana hapakubaki wa kuvunja miti. Hakuna aliyekuwa akimwaza hirola wakati pembe zikisafirishwa, wala hakuna sheria ya ujangili inayohesabu gharama ya namna hiyo. Lakini gharama ilikuwapo, na imeendelea kulipwa na mnyama ambaye hana pembe za thamani sokoni.

Pingamizi la kwanza, na ambalo mara nyingi husemwa kwa upole mijini na kwa ukali katika ripoti, ni kwamba ninamzunguka mkosaji. Kama nyasi zimepungua kwa kulishwa kupita kiasi, basi dawa ni kupunguza mifugo. Sikatai kwamba ulishaji ulio mzito mahali pamoja, hasa pale watu walipokaa karibu na visima, vituo vya chakula na barabara, umeshiriki kuumaliza utandu wa nyasi. Lakini pingamizi hili linamtazama mfugaji kama mtu mmoja mwenye mfugo mmoja. Uchambuzi wa Joseph Ogutu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusu kaunti za wafugaji nchini Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, ulionyesha kwamba wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68, huku mbuzi na kondoo wakiongezeka kwa asilimia 76 na ngamia kwa asilimia 13. Ng'ombe walipungua kwa robo. Takwimu hiyo ya mwisho husahaulika, nayo ndiyo yenye uzito hapa. Mbuzi na ngamia huishi kwa majani ya vichaka, kwa hiyo kichaka kikifunga nchi wao hupata riziki. Ng'ombe huishi kwa nyasi, kama hirola. Ijara ni nchi ya ng'ombe ndani ya kaunti ambayo kwingineko ni ya ngamia, na mfugaji wa Ijara anayemwona ng'ombe wake akikonda msimu baada ya msimu anapoteza kitu kilekile anachopoteza hirola, kwa sababu ileile. Si ajabu basi kwamba wachungaji wa eneo hili wamezoea kuwaona hirola wakilisha karibu na mifugo yao bila uadui, na kwamba uwindaji wa wenyeji haujawahi kuwa sababu kuu ya kupungua kwake. Kumwamuru mfugaji kupunguza ng'ombe, katika nchi ambayo ng'ombe tayari wanapungua, ni kumwadhibu mshirika mwenye maslahi yaleyale na kumsukuma aongeze mbuzi.

Pingamizi la pili ni la wale wanaoelekeza kidole kwenye mafanikio yaliyopo. Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ilianzishwa na jamii za Ijara katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, na mwaka 2012, kwa msaada wa washirika wao, hirola 48 waliingizwa ndani ya uzio usiopenyeka na simba wala mbwa mwitu, wenye eneo la karibu hekta 3,000. Katika miaka michache walizidi maradufu. Je, si ushahidi kwamba tatizo ni wanyama wala nyama, na kwamba uzio ndio jibu? Ni ushahidi, ila wa jambo finyu zaidi. Ongezeko hilo linaonyesha kwamba hirola bado ana nguvu ya kuzaa na kwamba ndama wengi huishia midomoni mwa wala nyama. Halionyeshi kwa nini simba waliokuwapo nyakati zote wamekuwa mzigo usiobebeka sasa, wakati mababu wa hirola hawa waliishi nao kwa maelfu ya miaka. Nchi iliyofungwa na vichaka humsaidia mwindaji anayevizia, na humnyima swala macho marefu aliyoumbiwa kwa uwanda. Kundi dogo nalo halina walinzi wa kutosha. Kichaka na simba si maelezo mawili yanayoshindana, kwani la kwanza hulipa la pili makali yake. Na uzio una mwisho wake. Hekta 3,000 hubeba wanyama kiasi fulani, kisha ama wanaanza kufa kwa njaa ndani yake, hasa katika ukame kama ule wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua tangu mwishoni mwa 2020, ama watolewe nje. Watafiti wamemwita hirola spishi mkimbizi, yaani mnyama anayeishi mahali pasipomfaa kwa sababu panapomfaa pameharibika. Katika kaunti yenye kambi za Dadaab tangu 1991, neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Kambi huokoa maisha, na hakuna anayeifikiria kuwa nyumbani.

Wengine wamesema, basi apelekwe mbali. Wazo hili ni la zamani kuliko mengine yote na historia yake inafundisha mengi. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, hirola wapatao 30 walichukuliwa na kuachiliwa Tsavo Mashariki. Mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitaka kuongeza wengine, na 29 wakafikishwa huko. Safari hii wenyeji walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi. Katika kesi ya Abdikadir Sheikh Hassan na wenzake dhidi ya KWS, mahakama ilikubali kusimamisha zoezi hilo kwa muda, kwa maelezo kwamba sheria ililipa shirika mamlaka ya kuhifadhi wanyama katika hali yao ya asili, na kwamba kuwaondoa katika makao yao ya asili ni jambo jingine. Iliongeza kwamba kwa mila, wanaoishi juu ya ardhi wanastahili matunda yake, mimea na wanyama wakiwamo. Kesi hii hutajwa katika vitabu vya sheria kwa sababu ya swali la nani ana haki ya kushtaki kwa niaba ya mazingira. Kwa hoja yangu ina maana nyingine. Mwaka ule watu wa Garissa, katika eneo lililokuwa na sifa mbaya ya usalama na lililopuuzwa na kila serikali tangu ukoloni, walisimama mbele ya jaji kudai mnyama wa porini abaki kwao. Sijui ushahidi mkubwa zaidi wa utashi wa jamii katika historia ya uhifadhi wa Kenya. Na matokeo ya Tsavo hayakuwapinga: nusu karne baada ya kuachiliwa kwa wale wa kwanza, kundi la huko lilikuwa bado halijafikia mia moja. Linafaa kama bima. Halifai kuwa mpango.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka upande mwingine, kwa watu ambao wangekubali kila nililosema kuhusu nyasi. Wao huuliza: nyasi zikirudi, zitakuwa za nani? Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab, zilizoanzishwa chini ya shirika la Northern Rangelands Trust, ziliundwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Shirika hilohilo limekuwa mshirika wa Ishaqbini. Uamuzi wa Isiolo hauihusu Ishaqbini moja kwa moja, na asili ya Ishaqbini ni tofauti, lakini atakayeupuuza kwa kisingizio hicho atakuwa hajausikia. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliweka utaratibu wa jamii kusajili ardhi yake na kuisimamia kupitia mkutano wa wanajamii wenyewe. Urejeshaji wa malisho unaotangulia usajili huo unaweza kugeuka, hata kwa nia njema, kuwa njia ya kuamua nani alishe wapi na nani azuiwe. Ninalikubali pingamizi hili karibu lote. Linabadilisha mpangilio wa kazi: hati ya jamii ije kwanza, mpango wa malisho ufuate, na hifadhi, kama jamii inaitaka, iwe zao la mpango huo. Mahali ambapo mpangilio huu umegeuzwa, hirola amefanywa sababu ya mgogoro ambao hakuuomba. Hifadhi ya Taifa ya Arawale, yenye kilomita za mraba 533 na iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola hasa, imebaki kwa miongo mingi ikionekana kwenye ramani zaidi kuliko ardhini, kwa kuwa ilichorwa na serikali ambayo haikuwa na la kuwaambia wafugaji ila kwamba watoke.

Wapo pia wanaosema kwamba ni aibu kujadili swala wakati watoto wanakosa maziwa. Wana haki ya kuuliza, na jibu haliwezi kuwa utalii, kwa maana watalii hawaji Ijara na huenda wasije kwa muda mrefu. Jibu ni kwamba fedha zilezile hufanya kazi mbili. Kichaka kikifunguliwa na mbegu za nyasi za kienyeji kupandwa, ng'ombe hupata malisho kabla hirola hajazaa. Chanjo ni vivyo hivyo. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi wenye undugu na sotoka ya ng'ombe, umekuwapo Kenya tangu 2006, na mwishoni mwa 2016 uliingia kwa swala saiga wa Mongolia na kuwaua kwa maelfu. Kundi la hirola 497 haliwezi kustahimili pigo kama hilo. Kumchanja mbuzi wa Ijara ni kumlinda hirola kwa gharama ndogo kuliko kilomita moja ya uzio, na mwenye mbuzi hahitaji kushawishiwa.

Linabaki suala la sera ya taifa, na hapa ninaona hatari ambayo haijasemwa vya kutosha. Tangu Desemba 2022 Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Kwa milima na chemchemi zilizovuliwa nguo, lengo hilo ni jema. Kwa uwanda wa Ijara, Fafi na Hulugho, mgao wa miche uliopangwa kwa hesabu ya kila kaunti bila kuuliza nyasi ziko wapi utaongeza mzigo uleule uliomfikisha hirola hapa. Barabara ya Lamu hadi Garissa kupitia Ijara nayo itavuta makazi na visima kando yake, na mahali visima vitakapochimbwa ndipo nyasi zitakapokwisha kwanza. Yote mawili yanaweza kupangwa vizuri, mradi ramani ya nyasi iwepo kabla ya ramani ya miche na ya visima. Kwa sasa mipango ya kumwokoa hirola hupimwa kwa vichwa vya wanyama. Ipimwe pia kwa hekta za nyasi wazi nje ya uzio, wadi kwa wadi, na hesabu hiyo isomwe mbele ya mkutano wa jamii yenye ardhi. Hirola waliozaliwa ndani ya uzio wa Ishaqbini tangu 2012 watahitaji mahali pa kwenda, na mbegu za nyasi hupandwa kabla ya mvua za masika, ziitwazo gu, si baada ya lango kufunguliwa.